Jointi ya zamani usiitupe kabla hujaisoma

Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi inapoamka na baridi, gari lililolala kavu linakutwa asubuhi na doa la mazuti (dizeli) chini ya mota. Jua likipanda na mota ikipata joto, doa haliongezeki tena, na mwenye gari anaona mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mpira wa jointi, yaani ule unaoziba kati ya vyuma viwili ili mafuta yasitoke, umeshakuwa mgumu. Baridi ya alfajiri, ambayo hushuka hadi nyuzi 7 au 8, inausinyaza kidogo sana, lakini mpira mgumu hauwezi tena kufuata chuma, kwa hiyo mazuti yanapata upenyo. Joto la mota likija linaupanua na upenyo unazibika. Ukiuacha hivyo, joto la mwezi wa kumi litaukausha zaidi, na baridi ya mwaka unaofuata ikifika upenyo hautazibika hata mota ikiwa ya moto.

Tone moja ni karibu mililita 0.05. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa, zaidi ya lita 4 kwa siku nzima. Hiyo ni hasara ya pesa peke yake, hatujagusa habari ya moto.

Huku kwetu neno jointi linabeba vitu vingi, na kosa la kwanza linaanzia hapo. Jointi toriki ni ile pete ya mpira ya mviringo. Jointi spi ina mdomo mwembamba unaokumbatia mhimili unaozunguka, na mara nyingi ndani yake mna springi ndogo. Kuna jointi bapa za karatasi au za mpira kwenye vifuniko, na kuna rondela (washa) za shaba chini ya boliti zenye tundu zinazopitisha mafuta. Kila moja inachakaa kwa njia yake. Anayekwenda dukani na kusema tu "nipe jointi ya pompi" atarudi na kitu cha kubahatisha.

Ndiyo maana tunawaambia vijana wa garaji, wawe wa komini za hapa mjini, Katuba, Kenya au Kampemba: jointi iliyotolewa iwekwe juu ya kitambaa safi, ipanguswe, itazamwe kwenye mwanga. Usipojua kilichoiua, mpya itakufa vilevile.

Ikiwa imelala bapa, yaani umbo lake si mviringo tena bali lina pande mbili zilizonyooka, imekaa muda mrefu chini ya mgandamizo na joto hadi ikasahau umbo lake. Kwa jointi iliyofanya kazi miaka mingi hilo ni uzee wa kawaida. Kwa jointi ya miezi sita maana yake ni nyingine: ama mpira haukuwa wa kustahimili joto la pale, ama kitu cha karibu kinapiga moto kupita kiasi. Tafuta bomba la moshi lililopoteza ngao yake ya bati.

Ikiwa imevimba, laini, na ukiikwaruza kwa ukucha inamegeka, mpira haukuwa wa mafuta. Kosa hili linatokea sana kwa sababu ya EPDM. Ni mpira mzuri kabisa kwa mafuta ya breki na kwa maji ya radiata, lakini mazuti na esansi (petroli) vinaufanya uvimbe kama maharagwe yaliyolowekwa. Ni mweusi, na jointi ya nitrili nayo ni nyeusi. Macho hayawezi kuzitofautisha.

Nyufa ndogondogo zinazokata upande wa mpira mahali ulipovutika ni kazi ya hewa, jua na ozoni. Zinaonekana kwenye jointi za nje, kwa mfano za kifuniko cha tangi, na kwenye jointi zilizotundikwa dukani kwenye msumari mlangoni, zinang'aa juani tangu mwaka jana. Jointi ya namna hiyo usiinunue hata kwa nusu bei.

Mkato mmoja mkali mahali pamoja, wakati sehemu nyingine zote ni nzima, huo si uchakavu. Ni mkono wa fundi. Pete ilipitishwa juu ya meno ya skurubu bila kufunikwa, au ilichokonolewa kwa turnevisi (bisibisi). Kingo zilizotafunwa upande mmoja zinaonyesha presha imeusukuma mpira ndani ya nafasi iliyo kati ya vyuma viwili, na nafasi hiyo imekuwa pana kuliko inavyotakiwa. Mikato inayozunguka kama kamba iliyosokotwa inaonyesha pete ilifungwa kavu, ikajiviringisha.

Kwa jointi spi, soma mhimili kabla ya kusoma mpira. Pitisha ukucha: ukinasa kwenye mfereji unaong'aa, jointi mpya ikikaa mahali palepale itavuja baada ya wiki chache. Ama uifunge milimita 1 au 2 mbele au nyuma ya mfereji huo, ikiwa nafasi inaruhusu, ama uvishe mhimili bomba jembamba la kurekebishia.

Tukija kwenye aina ya mpira, tatu zinatosha kujua. Nitrili ndiyo ya kawaida: inavumilia mazuti, esansi na kerozeni, kutoka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri hadi karibu nyuzi 100 za joto. Fluorokaboni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viton, inafika karibu nyuzi 200 na haivimbi ovyo hata esansi ikiwa imechanganywa na pombe, lakini ya kawaida inakuwa ngumu baridi ikifika nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Fluorosilikoni inavumilia baridi kali kuliko zote, ila inachanika upesi ikisuguliwa, kwa hiyo ni ya mahali pasipo na mwendo. Wanaosema Viton ni bora daima wamefikiria magari peke yake.

Rangi isikudanganye. Fluorokaboni mara nyingi ni ya kahawia au kijani, lakini sanduku la pete za kijani linalouzwa kwa ajili ya kiyoyozi lina mpira mwingine na vipimo vingine. Kinachosaidia zaidi ni uzito, maana fluorokaboni ni nzito wazi mkononi. Na kuna jaribio ambalo garaji yoyote inaweza kulifanya: nunua pete mbili, moja uitumbukize kwenye chupa ya mafuta yaleyale ya gari kwa saa 48, chupa ikiwa imefungwa na iko mbali na moto. Pima unene kabla na baada. Pete ya milimita 2.62 ikifika 2.75 imekua asilimia 5 kwa unene, na hiyo ni karibu asilimia 16 kwa ujazo. Ikivuka hapo, au ikimegeka kwa ukucha, ya pili irudishe dukani.

Unene ndio unaowashinda wengi, kwa kuwa pete mbili zenye duara sawa zinaonekana pacha. Pete za vipimo vya Marekani zina unene wa milimita 1.78, 2.62, 3.53. Za Kijapani, ambazo Toyota zetu zinazitumia, zina 1.9, 2.4, 3.5. Chukua mfereji wenye kina cha milimita 2.05. Pete ya 2.62 itabanwa milimita 0.57, yaani karibu asilimia 22, na hapo iko vizuri. Pete ya 2.4 itabanwa milimita 0.35, karibu asilimia 15. Siku ya kwanza haivuji, fundi analipwa, gari linaondoka. Mpira ukishalala kidogo, akiba imekwisha. Kinyume chake, pete nene kwenye mfereji mdogo haina pa kwenda inapovimba, nayo inakatwa na kifuniko. Kalipa isiyokosea sehemu ya kumi ya milimita inalipa gharama yake kwa kazi mbili tu.

Sasa kufunga. Jointi nyingi hazifi kwa kazi, zinaharibiwa siku ya kufungwa. Toa ya zamani kwa kijiti kigumu au ndoano ya plastiki au ya shaba nyeupe, kamwe si ya chuma, maana mkwaruzo mmoja unaokatiza mfereji ni barabara ya mafuta hata ukiweka jointi bora duniani. Safisha mfereji kwa mazuti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kama kuna meno ya skurubu njiani, yafunike kwa karatasi laini ya plastiki. Paka pete mafuta yaleyale itakayofanya kazi nayo, au oili safi ya mota, kiasi cha kung'aa tu. Ivute kidogo iwezekanavyo: ikishakaa isibaki imevutika zaidi ya asilimia 5. Kisha fuata kwa jicho ule mstari mwembamba wa kiwandani unaozunguka mpira. Ukiona mstari umepinda na kuzunguka, pete imejisokota, itoe uanze upya. Kifuniko chenye boliti nne kibane kwa kuvuka, kidogo kidogo, mizunguko mitatu, na ufunguo wa kupima nguvu umalizie kwa namba ya kitabu cha gari.

Rondela ya shaba ni ya mara moja. Ikikosekana mpya kweli, ya zamani ipashwe hadi iwe nyekundu iliyofifia, ipozwe kwenye maji, isuguliwe bapa juu ya kioo kwa msasa laini. Shaba inalainika tena. Ya alumini usiipashe moto.

Silikoni ya tyubu haina kazi kwenye njia ya esansi au ya mazuti. Esansi inaivimbisha, inachubuka, vipande vinasafiri hadi kwenye jikleri ya kabureta au kwenye enjekteri. Utepe mweupe wa mabomba ya maji nao vivyo hivyo: nyuzi zake zinaingia kwenye njia ya mafuta. Tunayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu gari linaletwa "halina nguvu" na ukifungua unakuta tiba ya mwaka jana ndiyo ugonjwa wa leo.

Pompi ya mazuti ya Land Cruiser yenye mota ya 1HZ inastahili nafasi yake, maana barabara ya Likasi na Kolwezi imejaa hizo. Mahali panapovuja sana ni kwenye mhimili wa mkono wa gazi juu ya pompi, kwenye kifuniko cha juu, na kwenye pete kubwa ya kichwa zinapotokea paipu za enjekteri. Vumbi jekundu likinasa kwenye mazuti yaliyolowanisha mkono wa gazi linakuwa msasa, linakula mhimili na tundu lake. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha pete ile ndogo, shika mhimili uutikise kando. Ukicheza, pete mpya haitamaliza msimu. Tatizo ni tundu, na pompi iende kwa fundi wa pompi mwenye benchi ya kupimia. Jointi spi ya pompi hiyo ikivuja hutaona tone chini, kwa sababu pompi inaendeshwa kwa gia na mazuti yanaingia ndani ya oili. Dalili ni kijiti cha oili: kiwango kinapanda badala ya kushuka, na oili inanuka mazuti. Usiendelee kuendesha, oili iliyochujuka hivyo haibebi tena vyuma vya ndani.

Kuna uvujaji usioonekana kabisa. Pompi hii inavuta mazuti kutoka kwenye tangi, na upande wa kuvuta jointi mbovu haitoi mafuta nje, inaingiza hewa ndani. Gari linasumbua kuwaka asubuhi, linahitaji kupigiwa pampu ya mkono juu ya filitri, likishawaka linatembea vizuri. Weka kipande cha diriti (bomba la mpira) inayopitisha mwanga kabla ya pompi, utaona mapovu. Kisha ondoa njia ya tangi, lisha pompi kutoka kwenye bidoni safi iliyoinuliwa juu yake, na uache gari lilale. Likiwaka mara moja asubuhi, hewa inaingia nyuma: kwenye jointi ya filitri, kwenye pampu ya mkono, au kwenye diriti iliyokauka. Likisumbua bado, angalia pompi yenyewe.

Jambo moja kuhusu mazuti yenye salfa kidogo. Marekani ilipoyaleta mwaka 1993, pompi nyingi za zamani zilianza kuvuja. Haikuwa salfa yenyewe iliyokosekana. Usafishaji ulipunguza pia viambato vinavyovimbisha nitrili, na jointi zilizozoea kuvimba zikasinyaa. Gari la zamani linalobadilishiwa ghafla aina ya mazuti linaweza kufanya vilevile, na hapo kubadilisha jointi moja moja ni kupoteza muda. Nunua posheti nzima, yaani seti kamili, ya jointi za pompi.

Kwa magari ya esansi yenye enjekteri, presha ya kawaida ni karibu bar 3, kwa hiyo usifungue chochote kabla ya kuishusha. Toa fuzi ya pompi, washa mota uiache izime yenyewe, piga stata tena sekunde 3, kisha ondoa waya hasi wa betri. Pete ya enjekteri ipakwe esansi au oili nyepesi, enjekteri iingizwe kwa kuizungusha kulia na kushoto. Ikishakaa inatakiwa izunguke kwa vidole. Isipozunguka, pete imebanwa vibaya, itoe. Ukimaliza, rudisha umeme, weka ufunguo kwenye "on" mara tatu bila kuwasha, tazama kila muunganiko kwa tochi. Mwenye geji aache mota izime asubiri dakika 5: Toyota nyingi zinatakiwa kubaki na bar 1.5 angalau. Ikishuka bila kuonekana unyevu nje, shaka iende kwa enjekteri au kwa kilango cha pompi ndani ya tangi.

Mota ya mazuti yenye reli ya pamoja (common rail) ni habari nyingine. Presha inapita bar 1,000, na uzi wa mazuti usioonekana unatoboa ngozi. Tafuta uvujaji kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa mkono, na paipu isikazwe mota ikitembea. Mtu akichomwa na uzi huo apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Diriti soma maandishi yake: SAE 30R7 ni ya presha ndogo, 30R9 ni ya enjekteri. Kolie (bangili ya kubania diriti) yenye matundu inakata mpira, tafuta ile laini ya ndani. Zile tyubu za plastiki nyeupe za pikipiki zinakuwa ngumu kama mfupa, zibadilishe kabla hazijapasuka.

Na mbabula, jiko la makaa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, unatambaa chini hadi shimo la garaji na hadi kwa mama anayeuza mahindi ya kuchoma jirani. Unawaka ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa. Kabla ya kufungua tangi, mbabula ihamishwe, simu na balbu za waya ziondoke, kizima moto cha unga cha kilo 6 kiwe mkononi. Kumwambia yule mama "Mama, samahani, tusogezee moto" si aibu.

Kwenye ndege sheria ni fupi na kali: jointi ni ile ya namba ya kitabu cha ndege, ina karatasi zake, na kazi inasainiwa na fundi mwenye leseni. Jaribio la chupa halina nafasi hapa, wala pete "inayofanana". Pete za mafuta za namba ya MS29513 zinakuja kwenye mfuko uliofungwa wenye tarehe ya kuokwa; 2Q19 maana yake robo ya pili ya mwaka 2019. Kwa kanuni ya ARP5316, nitrili ikitunzwa vizuri kwenye mfuko wake inahesabiwa miaka 15, fluorokaboni na fluorosilikoni hazina kikomo. Mfuko uliofunguliwa zamani, pete ikakaa kwenye droo na misumari, ni wa kutupa.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na ndege ndogo ikipanda hadi mita 4,000 hewa imepoa karibu nyuzi 17 zaidi. Jointi iliyoanza safari na nyuzi 8 za alfajiri inakutana huko na baridi ya chini ya sifuri. Hapo utaelewa kwa nini kitabu kinachagua fluorosilikoni mahali ambapo fundi wa gari angeweka Viton.

Kagua kifuniko cha tangi juu ya bawa. Hewa inayopita pale inavuta, na pete iliyopasuka inaruhusu mafuta kufyonzwa nje angani. Esansi ya ndege ya 100LL ina rangi ya bluu, inaacha mkia wa bluu nyuma ya kifuniko. Kerozeni haina rangi, inaacha unyevu unaonasa vumbi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, pete hiyohiyo inafanya kinyume, inaingiza maji ndani ya tangi, na chupa ya kukagulia chini ya bawa ndiyo itakayosema. Tazama pia bomba dogo la pompi linalomwaga nje chini ya mota: kwenye pompi ya diaframu, esansi ikitoka hapo diaframu imepasuka.

Ukikuta unyevu kwenye bawa, ukaushe, nyunyiza poda ya talki, subiri dakika 30, pima doa. Chini ya sentimita 1.9 ni doa la kuandikwa na kufuatiliwa. Hadi 3.8 ni unyevu mdogo, hadi 10 ni unyevu mkubwa, na kinachodondoka au kukimbia kwenye kidole ni uvujaji wa kuizuia ndege kuruka. Ikiwa mafuta yanaingia mahali palipofungwa, ambapo mvuke unakusanyika, ukubwa wa doa haujalishi, tengeneza kwanza. Kupaka gundi nje juu ya ribiti ni kuficha. Gundi ya polisulfidi inawekwa ndani, juu ya chuma kilichosafishwa, na muda wake wa kukauka umeandikwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikipungua muda unakaribia kuongezeka mara mbili, na hewa kavu ya mwezi wa saba inauchelewesha zaidi. Anayejaza tangi kwa saa za kitabu bila kupima joto la hanga atarudia kazi.

Gari nalo likaguliwe kwa saa mbaya kuliko zote. Lilale nje usiku, katoni safi ikiwa chini ya mota, jointi mpya ikiwa imepanguswa kavu. Kabla ya jua, kabla ya kuwasha, vuta katoni uitazame. Kisha washa, na kwa dakika mbili za kwanza, mota ikiwa bado baridi, uwe umeinama na tochi pale ulipofunga.